Udongo Mweusi Kwenye Ukuta wa Silanga

Asubuhi ile Nzilani aliinjika sufuria ya chai kama kawaida yake. Alitia maji na majani, na maji yalipochemka akamimina maziwa. Akageuka kidogo kusuuza vikombe. Aliporudi kutazama, maziwa yalikuwa yamekatika. Vipande vyeupe vilielea juu ya maji ya rangi ya kahawia. Hakuna mtu mwenye akili timamu angeita kitu kile chai.

Ilikuwa siku ya tatu mfululizo.

Mumewe, Kaloki, alichungulia ndani ya sufuria, akatikisa kichwa na kuomba uji. Nzilani aliiepua sufuria. Alikuwa ameshamjua mkosaji. Maziwa yale aliyanunua kwa Nthenya, jirani yake wa bondeni, na kwa Nzilani maziwa yakikatika siku tatu, basi mwenye ng'ombe ametia kitu. Aliibeba sufuria yake kwa mikono miwili, akateremka nayo.

Alimkuta Nthenya njiani na mtungi wake wa maziwa. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko Kivaa, na watu walikuwa wengi.

"Nthenya, hii maziwa uliweka nini?"

"Niweke nini, Nzilani? Ni ya asubuhi hii."

"Siku tatu tunamwaga chai. Siku tatu."

"Mimi nimetoka kunywa chai ya hiyo hiyo maziwa. Kuja kwangu uonje."

Nzilani hakutaka kuonja. Alisema mbele ya watu kwamba kuna majirani wanaouza sumu kwa bei ya maziwa, na kwamba kuanzia leo atanunua kwingine. Wapita njia walisimama.  Nthenya alichukua mtungi wake, akarudi nyumbani, na siku ile hakwenda sokoni. Kitendo kile kilimchoma Nzilani kuliko matusi, lakini alikimeza na kupanda kilima akiwa ameinua shingo.

Shingo hiyo, tuseme ukweli, ilikuwa imeinuka tangu mwezi wa nane. Nzilani alikuwa mwenyekiti wa mwethya wa kijiji chao. Mwethya ni kikundi cha watu wanaofanya kazi pamoja bila malipo: leo wanachimba matuta kwa huyu, wiki ijayo wanajenga kwa yule. Mwaka huo mwethya wao ulikuwa umeinua ukuta wa silanga, lile bwawa la udongo linalokinga maji ya mvua juu ya kijiji. Familia arobaini na mifugo yao hutegemea silanga hiyo wakati wa kiangazi. Ukuta wa zamani ulikuwa umeliwa na mvua. Bila ukuta hakuna maji, na bila maji watu wangerudi kufuata mto kwa punda, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi.

Udongo wa kuinulia ukuta ulipatikana karibu, tena bure. Mwaka mmoja kabla, kampuni fulani ilikuja kutafuta makaa ya mawe. Ilichimba shimo kubwa la majaribio nyuma ya kilima, ikaona makaa ni machache, ikaondoka. Iliacha kifusi, yaani udongo na mawe yote yaliyoondolewa juu ya makaa ili yafikiwe. Kifusi kilikuwa marundo mawili. Rundo moja lilikuwa jeupe, lina mawe kama chokaa. Lingine lilikuwa jeusi ti.

Sasa fikiria mtu aliyelima udongo mwekundu wenye kokoto maisha yake yote, kisha umwonyeshe rundo la udongo mweusi. Nzilani aliuona, moyo ukamruka. Kwao Ukambani udongo mweusi ni utajiri. Alijaza karai yake pale pale.

Kikundi chao kina desturi moja. Mwenyekiti akishabeba karai ya kwanza, mjadala umefungwa, ni kazi tu. Siku ile Nthenya alisimama nyuma akaunusa udongo kiganjani, akasema unanuka kama kiberiti kilichozimwa. Wenzake walicheka. Karai ya kwanza ilikuwa tayari kichwani kwa Nzilani, na wimbo ulikuwa umeanza. Wakabeba siku kumi na moja.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilinyesha, silanga ikajaa. Kisha likatokea jambo lililowashangaza wote. Maji ya silanga siku zote huwa na rangi ya udongo. Mwaka huu, wiki tatu baada ya kujaa, yalianza kung'aa. Uliweza kuona kokoto zilizo chini kabisa. Watu walipiga picha kwa simu. Mchungaji alitoa shukrani kanisani. Nzilani aliacha kununua dawa ya kusafisha maji, maana ya kazi gani tena? Hata alibeba magunia manne ya udongo ule mweusi akatandaza kwenye bustani yake ya sukumawiki.

Sukumawiki ziligeuka manjano, zikaungua kingo, zikafa. Alilaumu jua, na maji yalipoanza kuwa na ukakasi, alilaumu sufuria.

Siku mbili baada ya ule ugomvi wa njiani, Nzilani akiwa bado hajapata maziwa kwingine, alikuja Abdiqani, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka mjini Masinga. Alikuwa amenunua mbuzi kumi na wanane kijijini, akawapeleka silanga kuwanywesha kabla ya safari. Nzilani alikuwepo akiteka maji. Mbuzi walikimbilia maji, kwa kuwa walikuwa na kiu. Walishusha midomo, wakainua vichwa, wakarudi nyuma. Hakunywa hata mmoja.

Abdiqani alichuchumaa, akachovya kidole na kukigusisha ulimini. Alitema mate.

"Mama, mimi nimekuwa na wanyama tangu nizaliwe," alisema. "Mbuzi ana kiu na anakataa maji? Hii maji iko na shida. Inakwaruza ulimi."

"Lakini angalia venye ni safi."

"Nimeangalia. Sasa wewe angalia huku."

Alimwonyesha ukingo uliokuwa chini ya ukuta mpya. Nzilani alisogea, akainama. Vyura walikuwa wamelala matumbo juu, kumi, ishirini, zaidi. Mawe ya pale yalikuwa na utando wa rangi ya machungwa, kama bati lililooza kwa kutu. Ndipo alipotambua jambo ambalo masikio yake yalikuwa yakimwambia kwa wiki nzima. Silanga ilikuwa imenyamaza. Katikati ya msimu wa mvua, hakuna chura aliyelia.

Alimwaga ndoo yake. Alikimbia nyumbani akamweleza Kaloki, na Kaloki, ambaye kwa kawaida huchukua nusu siku kuamua kuvaa viatu, alitoa simu papo hapo akampigia afisa wa kilimo.

Afisa huyo aliitwa Kamanthe. Alifika kesho yake kwa bodaboda, amevaa gambuti, na mkoba mgongoni. Hakuuliza mengi. Alitoa kikaratasi chembamba cha rangi ya manjano, akakichovya katika silanga. Kikawa chekundu.

"Maji mazuri yangefanya hii karatasi iwe kijani," alimwambia Nzilani. "Nyekundu ni asidi."

"Asidi ni gani hiyo?"

"Kuna asidi kwa limau, kuna kwa siki. Hizo tunakula. Lakini hii yenu haijatoka kwa limau, mwaitu. Hii ni ya aina moja na ile inawekwa kwa betri ya gari, ni vile tu imechanganyika na maji mengi."

Kamanthe alikuwa amemwita mwaitu, yaani mama, kwa heshima na kwa upole. Upole huo haukusaidia. Nzilani alikaa chini kwenye majani. Maji ya betri. Alikuwa amewapikia watu wake maji ya betri, akamshukuru Mungu kwa vile yalivyong'aa.

Kamanthe alitoa nyundo ndogo, akavunja jiwe jeusi kutoka ukutani. Ndani yake kulikuwa na chembe za manjano zinazometa. Alieleza kwamba chembe zile ni chuma na salfa vilivyoshikana. Zikiwa chini sana ardhini hazina hewa, kwa hiyo hukaa tu bila madhara, hata miaka milioni. Zikichimbwa zikaletwa juu, hewa na mvua hukutana nazo, na hapo hutengeneza asidi na kutu. Haziachi leo wala kesho. Huendelea kwa miaka.

"Sasa mbona maji ilikuwa safi hivyo?" Nzilani aliuliza, karibu kwa hasira.

"Ilikuwa angavu. Angavu si safi. Rangi ya silanga inaletwa na vumbi ndogo ya udongo inaelea. Asidi inafanya hiyo vumbi ishikane, izame. Ndio ukaona chini."

"Na nikichemsha?"

"Ukichemsha, maji inapungua na asidi inabaki. Unaiongeza ukali. Na si asidi peke yake. Inaweza kutoa madini kutoka kwa udongo, hata kutoka kwa sufuria yako. Hakuna mtu anakunywa hapa tena, wala mnyama, mpaka niseme."

Nzilani aliikumbuka sufuria yake, jinsi ilivyoanza kuwa na vishimo chini. Halafu akakumbuka kilichokuwa ndani ya sufuria ile siku alipoiteremsha bondeni.

"Madam," alisema polepole, "hii maji inaweza kukata maziwa?"

"Twende tuone. Jiko iliyo karibu ni ya nani?"

Jiko lililokuwa karibu lilikuwa la Nthenya. Nyumba yake ilikuwa chini ya ukuta wa silanga, hatua mia moja na kitu. Nzilani angependa kutembea hadi Machakos mjini kuliko kuingia mlango ule. Lakini Kamanthe alikuwa tayari anateremka, na yeye akafuata.

Nthenya aliwapa viti. Alimsalimia afisa, na kwa Nzilani akatoa mkono bila kumtazama usoni. Kamanthe aliomba maziwa ya asubuhi na sufuria mbili ndogo. Katika moja alitia maji ya silanga. Katika nyingine alitia maji ya mvua kutoka tangi la Nthenya, ambayo karatasi ilikuwa imeonyesha ni mazuri. Akagawa maziwa sawasawa, akaweka zote motoni.

Wote watatu waliinama kutazama. Sufuria ya maji ya tangi ilichemka, ikapanda povu, maziwa yakabaki maziwa. Katika sufuria ya maji ya silanga maziwa yalikatika kabla hata ya kuchemka vizuri. Vipande vyeupe vilikuwa vile vile, vikielea juu ya maji.

 Nthenya alipangusa mikono yake kwa leso, mara mbili, ingawa haikuwa imelowa.

Nzilani alitamani ardhi ipasuke. Na bado Kamanthe hakuwa amemaliza. Alikuwa ameweka bonge la jiwe jeusi katika glasi ya maji tangu walipoingia, na sasa aliisogeza katikati ya meza. Mwezi wa nane mabonge yale yalikuwa magumu, yalichubua mabega ya akina mama. Ndani ya glasi bonge lilikuwa limegawanyika kuwa vipande vyembamba, na vipande vilikuwa vinageuka tope mbele ya macho yao.

"Hii ndio kitu ya pili," Kamanthe alisema. "Kifusi cha namna hii kinaonekana mawe, lakini kikilowa na kukauka, kinavunjika. Hakishikani kama udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Kwa shamba, hakiweki maji, na kwa vile ni cheusi, jua inakichoma mpaka mizizi inaiva. Ndio sukuma uliniambia njiani ilikufa. Lakini kwa ukuta…"

Aligeuka kutazama nje. Mlango ulikuwa wazi. Kutoka pale walipoketi, ukuta wa silanga ulionekana juu yao, mweusi, umebeba maji yote ya msimu. Katikati ulikuwa umetuna kidogo. Nzilani alikuwa amepita hapo mara ngapi bila kuona?

Alimtazama Nthenya. Huyu ndiye aliyenusa udongo akasema. Huyu ndiye aliyeitwa muuza sumu mbele ya kijiji. Na miezi yote hii alikuwa analala chini ya ukuta ambao Nzilani alibeba karai yake ya kwanza.

"Nthenya," alisema. "Nilikukosea njiani mbele ya watu. Nitaisema mbele ya watu."

Nthenya alinyoosha kidole juu, kwenye ukuta.

"Kwanza ondoa hiyo ukuta juu ya nyumba yangu," alisema. "Ya maziwa tutaongea."

Alasiri ile ile Nthenya alihamia kwa Nzilani, yeye na ng'ombe wake na mitungi yake. Kesho yake mwethya uliitwa. Nzilani alisimama mbele ya wenzake akasema yote: karai, udongo, maji, maziwa. Hakujitetea. Alisema kwamba Nthenya aliunusa udongo ule akawaonya, na kwamba yeye alifurahi kicheko kilipomnyamazisha. Baadhi walishika vinywa. Mmoja aliuliza kwa woga kuhusu mtoto wake aliyekuwa akinywa maji yale, na Kamanthe akawaelekeza wote kituo cha afya kwa uchunguzi.

Kisha kazi ikaanza, na safari hii haikuanza na wimbo. Kamanthe alipima chokaa ya shambani, wakaitia katika silanga kidogo kidogo, maana ikizidi nayo huharibu, hadi kikaratasi kikawa kijani. Ndipo wakapunguza maji kwa mpira wa maji, polepole, yakaenda kwenye nyasi mbali na nyumba. Maji yaliyobaki hayakuwa ya kunywa. Kijiji kilikunywa maji ya tangi la Nthenya kwa zamu, na yalipopungua, punda walirudi kwenye njia ya mto. Hakuna aliyemlaumu Nzilani kwa sauti, lakini yeye aliinamisha macho kila punda alipopita mlangoni pake.

Sampuli za marundo yote mawili zilipelekwa maabara. Wakati wakisubiri majibu, Kamanthe aliwaonyesha jaribio dogo. Alidondosha siki kwenye jiwe kutoka rundo jeusi, na hakuna kilichotokea. Alidondosha kwenye jiwe kutoka rundo jeupe, likatoa povu na kuchemka kwa sauti ndogo.

"Povu hiyo ni chokaa ya asili," alisema. "Hii inaua asidi. Dawa ilikuwa kwa rundo mliyokataa."

Nzilani alilitazama lile rundo jeupe ambalo alikuwa ameliita jivu la shetani. Alicheka, kisha machozi yakamtoka, hakujua kwa lipi.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki mbili, na yalithibitisha. Siku ya kuubomoa ukuta Nzilani alibeba karai ya kwanza, kama desturi inavyotaka, ila safari hii aliuondoa udongo. Walirudisha udongo wote mweusi ndani ya shimo ulikotoka. Kamanthe alisisitiza waulaze kwa tabaka nyembamba, kati ya kila tabaka waweke mawe meupe, washindilie sana ili hewa na maji visipite. Juu walifunika na udongo mwekundu wa mfinyanzi, unene wa mkono mzima, wakapanda nyasi ili mvua isiubebe. Ukuta wa silanga waliujenga upya kwa udongo mwekundu ule ule waliokuwa wameudharau, tabaka kwa tabaka, wakiupiga kwa magogo. Ilichukua siku thelathini na nne. Mabega yaliuma, na nyimbo zilirudi kwenye siku ya tano.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha. Silanga ilijaa maji ya rangi ya udongo, mazito, hata kidole hukioni ukikizamisha. Kamanthe alipima mara tatu kwa wiki tatu. Kikaratasi kilikuwa kijani kila mara, na majibu ya maabara yakawa mazuri. Aliwakumbusha kuyachuja na kuyatia dawa kabla ya kunywa, maana wadudu wa tumbo hawajali rangi. Nzilani alinunua dawa chupa mbili siku hiyo hiyo.

Mwethya nao ulibadilisha desturi yake. Siku hizi kabla ya karai ya kwanza kubebwa, udongo hulowekwa katika glasi usiku kucha, na mtu huunusa. Mtu huyo ni Nthenya. Udongo ukitoka kwenye shimo refu hakuna anayeugusa kabla afisa hajaupima.

Nthenya alirudi kwake bondeni. Juma moja baadaye, asubuhi, alitokea mlangoni kwa Nzilani na mtungi wa maziwa. Hakuwa ameitwa.

"Ukuta umeondoa," alisema. "Sasa tuongee ya maziwa."

Nzilani aliinjika sufuria mpya. Alitia maji ya silanga, yaliyochujwa na kutiwa dawa. Alitia majani. Maji yalipochemka alichukua mtungi wa Nthenya akamimina; matone machache yaliangukia motoni. Wanawake wawili wakainama juu ya sufuria bila kupumua.

Chai ilipanda, nyekundu kahawia, laini, hadi ukingoni. Nzilani aliiepua, akajaza kikombe cha kwanza, akampa Nthenya kwa mikono miwili. Kule silanga vyura walikuwa wanapiga kelele vibaya sana, na hakuna aliyewalalamikia.